Ushuhuda Aliotoa Mama

Watu wakiniuliza ndugu yangu alirudia unga wa heroini lini, nawaambia alirudia baada ya mazishi ya baba. Basi wanatikisa vichwa, wanasema pole, uchungu wa kufiwa si mchezo. Nami nawaacha waamini hivyo kwa sababu nimechoka kueleza. Lakini uchungu wa kufiwa haukuhusika. Ni sisi tuliomkatizia dawa iliyokuwa ikimtibu, mimi na mama na kanisa na ukoo mzima, tukampakia kwenye basi kwenda kumwonyesha watu.

Nyumbani kwetu ni zile nyumba za zamani za kaunti, si mbali na Soko la Burma, Nairobi. Baba alikuwa mchonga vinyago. Alikaa miaka mingi chini ya kibanda cha mabati pamoja na wanaume wengine wa kutoka Ukambani, akichonga twiga na vifaru ambao wengi wao hawajawahi kuwaona wakiwa hai. Sisi watoto tulikuwa wawili tu, mimi wa kwanza na yeye wa pili, mtoto wa kiume wa pekee. Alijua kushika tezo kabla hajajua kuandika jina lake. Baba alikuwa akisema huyu atanipita, na alikuwa anampita kweli, mpaka mikono ikaanza kutetemeka.

Alitumia unga miaka tisa. Kwanza alivuta, halafu akajidunga sindano. Sitaki kusimulia yote kwa sababu kila nyumba ya Eastlands iliyo na teja inayo hadithi zile zile: pasi ilienda, mtungi wa gesi ukaenda, nguo zilizoanikwa zikaenda zikiwa mbichi. Siku moja aliuza sufuria ikiwa na maharagwe ndani, yamechemka nusu. Mama alirudi akakuta jiko linawaka na juu yake hakuna kitu. Nilicheka siku ile, nikacheka mpaka nikalia.

Tulimpeleka kila mahali. Tulimpeleka ushago kwa baba mkubwa, ndugu wa baba, akachunge ng'ombe apate hewa safi, akapanda lori la mchanga akarudi. Tulimpeleka mtaa wa Pipeline, kwenye orofa moja ya juu ambako mtu fulani alikuwa ameweka milango ya chuma na kupaita mahali pa kurekebisha watu. Matibabu yenyewe yalikuwa kuamshwa alfajiri, kumwagiwa maji baridi na kutukanwa. Alikaa miezi mitatu, akatoka amenenepa, na kabla ya jua kutua alikuwa ameketi besi, kijiwe chao cha unga, na wenzake kama mtu aliyetoka likizo. Nikaapa kwamba mimi basi.

Na hebu niseme hili kwa sababu linanichoma. Mtaani kwetu, kupata unga si kazi. Unavuka barabara, unasalimia mtu, umepata. Kumpatia teja matibabu ndiyo kazi. Unauliza, unazungushwa, unaambiwa jaribu kule, unaambiwa rudi mwezi ujao, na mgonjwa wako kesho asubuhi hataki tena. Halafu wakubwa wanasimama majukwaani wanauliza vijana wetu wana nini. Wana ugonjwa! Wana ugonjwa na hakuna kitanda.

Aliyetuokoa ni teja mwenzake wa zamani, mwanaume mmoja aliyepona akawa anazunguka kwenye besi akiwashawishi wengine waende kliniki ya serikali. Alimwandama ndugu yangu wiki nzima. Siku ya Alhamisi ndugu yangu akaja kazini kwangu, kwenye kibanda ninachoshonea nguo, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, wanataka mtu wa familia aje anisimamie. Usimwambie mathe. Wewe uje."

Nikaenda, nikiwa nimenuna. Nesi wa pale alikuwa mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Akanieleza kwamba dawa inaitwa methadoni, ni ya maji, mgonjwa anaimeza mbele yake kila siku ya Mungu, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Haimleweshi. Inamwondolea arosto, yaani yale mateso ya mwili unapokosa unga, kutapika, kuharisha, mifupa kuuma, jasho la baridi. Akiinywa kila siku anaweza kufanya kazi, anaweza kulala, anaweza kuwa mtu. Akikosa siku kadhaa mfululizo mwili unageuka, na hawezi kurudia kipimo kile kile. Anaanza chini upya. "Mkiwa na safari," akaniambia, akinitazama mimi na si yeye, "mniambie mapema." Nikasema sawa. Nikatia sahihi.

Baada ya mwezi mmoja hivi, ndugu yangu akaanza kula. Mnaojua teja mnajua maana yake. Mtu aliyekuwa anaishi kwa soda na mkate akaketi mezani akaomba kuongezewa ugali. Akarudi kibandani kwa baba. Mwanzoni alipewa msasa tu, alainishe vilivyochongwa na wengine. Baadaye akapewa patasi. Mikono ikatulia. Baba alianza kurudi nyumbani mapema na kupiga mluzi.

Ili mama asijue kuhusu kliniki, ndugu yangu alinunua raba za mtumba akasema ameanza mazoezi. Kila asubuhi anatoka mbio, anapita Burma wakati wachinjaji wanashusha nyama, anafika kliniki, anakunywa dawa, anarudi mbio. Mtaa mzima ukampa jina la Mkimbiaji. Wauza nyama walikuwa wakimpigia makofi. Kusema kweli ndizo asubuhi nilizompenda zaidi maishani, mwanaume wa miaka thelathini na minne amevaa bukta ya shule anakimbilia dawa.

Kwa nini mama asijue? Kwa sababu kwa mama dawa ya kutibu ulevi ni ulevi mwingine. Ndivyo walivyofundishwa kanisani kwake. Na kwa bahati mbaya, wiki ile ile ndugu yangu alipoanza dawa, mama na kina mama wenzake walikuwa wamefunga siku tatu wakimwombea. Mnaona sasa mambo yalivyoanza kwenda kombo.

Jumapili moja mama akamwomba waende naye kanisani. Nami nikaenda. Nilikuwa nimekaa nyuma yao. Mchungaji akauliza nani ana ushuhuda, na mama akasimama. Mama yangu hajawahi kushika maikrofoni maishani mwake, ni mtu wa kufagia kanisa na kupanga viti. Akaishika kwa mikono miwili.

"Bwana asifiwe. Mwanangu alikuwa amekufa. Mnamjua. Wengine wenu aliwaibia, nawaomba msamaha. Bwana amemfungua! Bila daktari, bila kidonge, bila sindano. Kwa maombi peke yake!"

Kanisa likalipuka. Vigelegele, kinanda, watu wanaruka. Ndugu yangu akageuka akaniangalia. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema polepole tu baadaye, nje, mama hebu njoo kando. Nje nikamshika mkono ndugu yangu, nikamwambia lazima tumwambie.

"Achana nayo, dada. Umemwona vile amefurahi? Miaka tisa nimemliza. Acha afurahi."

Tukaacha afurahi. Kuanzia siku hiyo akawa mali ya kanisa. Akaitwa kwenye mikutano ya vijana asimulie. Akapewa kiti cha mbele. Na kila Jumapili alfajiri, kabla ya ibada, aliyeponywa bila dawa anakwenda mbio kunywa dawa. Wakati mwingine nilimtania, nikamwita Muujiza. "Muujiza, umekunywa?" Akacheka, akasema, "Nimekunywa, Bwana asifiwe." Tulikuwa wajinga na tulikuwa na furaha.

Miezi kumi na moja tangu aanze dawa ilipita hivyo. Halafu baba akaanguka kibandani, presha, akiwa ameshika kifaru ambacho hakijapata pembe. Hakufika hospitalini.

Kwetu mtu hazikwi Nairobi. Hata kama umekaa hapa miaka hamsini, ukifa unarudi kwenye udongo wa kwenu. Baba mkubwa akaja kutoka ushago, kamati ikaundwa, mimi nikawa katibu. Wakapanga: msafara unaondoka Alhamisi alfajiri, maiti inalala nyumbani, mazishi Jumamosi, Jumapili ibada ya shukrani, Jumatatu watu warudi. Mtoto wa kiume lazima awepo mwanzo hadi mwisho, apokee wageni, atupe udongo wa kwanza. Hapo hapakuwa na mjadala. Na mchungaji akasema tena, mbele ya kamati, kwamba mazishi haya Mungu ameyapa kusudi, maana kule ushago wote wanamjua kijana huyu alivyokuwa, sasa wamwone.

Jumanne ndugu yangu akanikuta nikisahihisha programu ya mazishi. Kichwa changu kilikuwa kimejaa majina ya jamaa na saa za kusoma wasifu.

"Dada, kesho twende tuongee na nesi, mimi peke yangu hawanikubalii. Ni siku nne hizo. Labda anaweza kupanga kitu."

Nitayaandika niliyomjibu kama nilivyoyasema, kwa sababu hakuna mwingine wa kuyabeba.

"Baba amelala mochari na wewe unawaza dawa? Kila mtu hapa anajinyima, wewe siku nne zinakushinda? Si ulishapona?"

Si ulishapona. Mimi! Mimi niliyetia sahihi, mimi niliyejua. Nadhani nilikuwa nimeusikia ule ushuhuda mara nyingi mpaka nami nikauamini. Na nikiwa mkweli kabisa, niliogopa pia. Niliogopa nesi aseme anataka barua, barua iende kwa baba mkubwa, baba mkubwa amuulize mama, na mama aaibike mbele ya waombolezaji wote. Nikaona siku nne ni nafuu kuliko hiyo aibu. Ndugu yangu akasema, "Ni sawa," akaenda kushona kifungo cha suti ya mazishi.

Jumatano alikunywa ya mwisho. Alhamisi alikuwa mzima, akabeba jeneza begani kama wanaume wengine. Ijumaa akaanza kupiga miayo, machozi na kamasi zikimtoka, miguu haitulii. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho mpaka leo kinanifanya niwachukie watu wote waliokuwa pale, na mimi mwenyewe kwanza. Walidhani analia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwetu sisi kilio ndicho kilichomfichia.

"Tazameni mtoto anavyomlilia babake," shangazi mmoja akasema. Wakamletea leso. Wakamletea uji, akautapika nyuma ya choo, wakasema maskini, uchungu umemkaa tumboni. Baba mkubwa, ambaye miaka yote alimwita mwizi, akamkumbatia, akawaambia wazee, "Huyu alimpenda baba yake kweli kweli." Jasho linamtiririka, meno yanagongana, na watu wanasifu mapenzi yake!

Jumamosi kaburini mchungaji akamwita mbele. Akampa maikrofoni. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, niliweza kuona suti yote mgongoni ilivyolowa.

"Waambie, kijana. Waambie Bwana alivyokufungua."

Akasema. Mungu wangu, akasema! Sauti inakatika, ameshika mti wa hema asianguke, akasema kwamba aliponywa kwa maombi, akasema asante mama. Wanawake wakaangua kilio, wengine wakaokoka pale pale. Kisha akainama achukue udongo, na mkono ukatetemeka hivi kwamba udongo ukamwagika kabla haujafika kaburini. Mikono ile. Mtu mmoja akamshika kiwiko akamsaidia.

Jumapili hakuweza kuinuka. Wakasema ni mshtuko, wakamzunguka kitandani wakamwombea kwa ibada nzima ya shukrani. Nilipopata nafasi nikaketi kando yake. Alikuwa amejikunja, magoti yamefika kidevuni.

"Kesho tukifika tunaenda moja kwa moja," nikamwambia. "Vumilia."

"Dada, kesho tukifika itakuwa imefungwa."

Alikuwa sahihi. Jumatatu basi liliharibika Machakos, tukaingia Nairobi jioni. Tulipofika karibu na mtaani akasimama, akamwambia dereva amshushe. Nikamwita. Hakugeuka. Alivuka barabara akiwa na suti ile ile ya mazishi, tope la kaburi likiwa bado kwenye viatu, na kila mtu ndani ya basi akasema mwacheni, anataka kuwa peke yake.

Tangu siku hiyo yuko besi. Kanisani walipojua, wakatumia neno lao: amerudi nyuma. Mchungaji akahubiri juu ya pepo anayetoka akarudi na wenzake saba. Kiti cha mbele akapewa mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ilikuwaje mtu aliyetulia miezi kumi na moja avunjike kwa siku nne.

Nilikwenda kliniki peke yangu, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Nesi hakunitukana. Aliniuliza, "Mbona hamkusema? Watu wanafiwa kila siku. Tungepanga. Tumewapangia wengine wengi." Nilikaa kwenye benchi lake nikalia kwa kelele, wale wagonjwa kwenye foleni wakanitazama, mmoja akanisogezea maji. Halafu nesi akasema nimlete. Ataanza upya kwa kipimo kidogo, itakuwa ngumu wiki za mwanzo, lakini mlango uko wazi. "Ila aje na watu," akasema. "Wa kujificha hawakai."

Nikarudi nyumbani, nikamkuta mama jikoni anachambua mchele. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila hata kuvua kiatu. Nikamwambia hakuponywa na maombi, alikuwa anakunywa dawa, hakuwa akikimbia mazoezi, alikuwa anakimbilia kliniki, na tulimnyima dawa siku nne ili aende kusema uongo kaburini.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye ungo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua alikuwa anakunywa dawa. Mke wa fulani hapo nyuma mwanawe pia yuko kliniki ile, alimwona, akaniambia. Zamani. Kabla hata ya mvua."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimeshatoa ushuhuda."

Alisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayesema amekwisha tia chumvi. Nikamuuliza, basi kwa nini ulimwacha aje mazishini bila dawa, mama? Mikono yake ikaacha mchele.

"Nilidhani siku nne si nyingi."

Hata mimi nilidhani hivyo. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anajua, kila mmoja anaficha, na yeye katikati anatuficha sisi wote. Nikamwambia nesi anataka aje na familia, kwa hiyo kesho tutoke sisi watatu, tupite Burma mchana kweupe, watu watuone. Mama akaniuliza, "Na kanisani nitasema nini? Kwamba nilidanganya madhabahuni?" Nikamwambia aseme Mungu alimponya kwa mkono wa nesi, kwani kuna ubaya gani? Akarudia mchele wake.

Siku mbili baadaye ndugu yangu akaja. Huwa anakuja mama anapopika, anasimama nje ya dirisha, hatumfungulii kwa sababu ya mtungi wa gesi. Suti haipo tena, ameiuza au ameibiwa. Mkono mmoja umevimba. Nilikuwa sebuleni nikamwona kupitia vyuma vya dirisha, nikasogea.

"Niaje, dada."

"Nimeongea na nesi. Hakukasirika. Anasema urudi. Jumatatu twende, mimi nakuja nawe, nafunga kazi siku nzima. Tafadhali."

Akanitazama. Midomo imepasuka. Nikaona anataka, naapa nikaona anataka.

"Nirudi vipi, dada, na mimi nilishapona?" akasema. "Kila mtu ananijua. Nikisimama kwa ile foleni, mathe ni muongo. Muulize yeye kwanza. Muulize kama ananiruhusu niwe mgonjwa. Akisema ndio, hata leo naenda."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai alichokuwa anamletea. Alikuwa amesikia kila neno. Nilimngoja aseme. Ndugu yangu naye alimngoja, ameshika vyuma vya dirisha. Mama alinyoosha mkono akampitishia chai kati ya vyuma, akamwambia ainywe kabla haijapoa, akarudi jikoni.